Ilhamu ya Kiza: Theodor Kittelsen na Usawiri wa Khofu

Katika sanaa zote za mkono, yamkini hapana iliyo rahisi kuanza na ngumu kutimiza kuliko sanaa ya kusawiri mambo ya kutisha. Mtu yeyote mwenye kalamu na wino aweza kuchora meno marefu, kucha zilizopinda na macho mekundu, na msomaji akafunua ukurasa, akashtuka kidogo, akafunua mwingine, akasahau. Lakini kuchora picha itakayofuatana na msomaji huyo mpaka chumbani kwake, ikamfanya usiku autegee sikio mlio mdogo wa ubao wa ngazi, ni kazi ya namna nyingine kabisa, ambayo wingi wa meno na wingi wa damu haujapata kuitimiza. Wasawiri wa ngano, wa riwaya na wa hadithi za picha walioshika njia hii, ambayo katika makala haya tutaiita sanaa ya njozi za kiza, hulalamika aghalabu kwamba ilhamu imewakauka, kwamba mazimwi yao yamekuwa ndugu wa tumbo moja na mazimwi ya wenzao, na kwamba kila watafutapo jambo jipya mkono hurejea wenyewe kwenye jambo la jana. Malalamiko hayo ni ya haki, na swali lililo ndani yake lastahili jawabu: ilhamu ya kiza huchotwa katika kisima gani?

Njozi za kiza ni sehemu ya sanaa ya ngano, lakini ni sehemu yenye sharti zake. Katika ngano za kawaida zimwi huja ili lishindwe, na msomaji ajua tangu mwanzo kwamba shujaa atarudi kwao na mali na mke. Katika njozi za kiza ahadi hiyo imeondolewa, na nguvu za ghaibu, ziwe za msitu, za maji au za maradhi, hazina deni la huruma kwa mwanadamu. Msawiri wa kazi hizi, basi, ana wajibu mzito kuliko wa kumtisha mtoto: ni juu yake kuipa sura khofu ambayo watu wamekuwa nayo kwa muda mrefu bila ya kuweza kuitazama usoni. Miongoni mwa waliotimiza wajibu huo, simjui aliye bora wa kujifunzia kuliko Theodor Kittelsen wa Norwei, kwa sababu katika maisha yake safari ya kutafuta ilhamu yaonekana wazi, mwanzo wake, kupotea kwake na kufika kwake.

Kittelsen alizaliwa tarehe 27 Aprili 1857 katika Kragerø, mji mdogo wa bandari kusini mwa Norwei, katika aila ya mfanyabiashara aliyekuwa na watoto wanane. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 11, na ufukara ukaingia nyumbani pamoja na msiba. Kijana akatiwa kazini mapema, akawa mwanagenzi wa fundi wa saa. Alipotimiza miaka 17 kipaji chake kiligunduliwa na Diderik Maria Aall, mtu mwenye mapenzi na sanaa, aliyemgharimia masomo, kwanza katika shule ya uchoraji ya Wilhelm von Hanno mjini Christiania, ambao leo ni Oslo, kisha Munich katika Ujerumani. Mwaka 1879 msaada huo ulikoma, na Kittelsen akalazimika kujitafutia riziki kwa kuyachorea magazeti ya Kijerumani. Mwaka 1882 akapata fedha za serikali ya kwao za kumwezesha kusoma Paris.

Mtu angetaraji kwamba miji hiyo miwili, iliyojaa majumba ya sanaa na waalimu mashuhuri, ndiyo ingalimpa msawiri kijana kila alichokihitaji. Kwa upande wa ustadi ilimpa kweli: huko alijifunza kuusoma mwili wa mwanadamu, kupanga mwanga na kivuli, na kulisimulia tukio zima katika fremu moja, kama ishuhudiavyo picha yake ya mwaka 1879 iitwayo Streik, inayoonyesha wafanyakazi wakikabiliana na tajiri wao. Walakini picha ile, pamoja na uzuri wake, ingaliweza kuchorwa na vijana wengine wengi wa Ulaya wa zama zile. Mkono wake ulipata elimu ugenini, moyo wake haukupata makao. Na katika barua zake alikiri kuwa kinachomvuta ni ile siri na ule ukuu wa maumbile ya nchi yake, na mambo ya ngano yaliyofungamana nayo, ambayo asingeweza kuyafanyia kazi ipasavyo akiwa mbali nayo.

Mwaka 1887 alirudi Norwei kwa kukaa, na badala ya kupanga nyumba katika mji mkuu palipo na wanunuzi wa picha, alielekea kaskazini mpaka visiwa vya Lofoten, akakaa pande zile kiasi cha miaka miwili pamoja na dada yake, ambaye mumewe alikuwa mlinzi wa mnara wa taa wa Skomvær. Skomvær ni kisiwa cha mwisho kabisa katika kundi la visiwa vya Røst, mwamba uliozungukwa na bahari kuu, ambako majira ya baridi jua karibu halionekani, upepo haulali, na ndege wa baharini hulia juu ya majabali. Watu wa pande hizo waliishi kwa uvuvi wa msimu wa baridi katika mashua za wazi, na majina ya waliozama yalikuwa sehemu ya mazungumzo ya kila nyumba. Kwao bahari ilikuwa na mkazi wake: draug, mzuka wa mtu aliyekufa maji asipate kaburi, aendaye juu ya mawimbi katika nusu ya mashua, na ambaye kuonekana kwake ni bishara ya mauti.

Tafakari, ewe msomaji, tofauti iliyopo baina ya kuisoma habari hiyo na kuishi ndani yake. Msomi aliyekaa maktabani aweza kujua kila sifa ya draug, akamchora pasi na kosa, na picha yake ikawa baridi. Lakini mtu aliyelala juu ya mwamba ule, akasikia usiku kucha maji yakipiga chini ya nyumba, akaona asubuhi wanawake wakiitazama bahari pasi na kusema neno, huyo anakwisha kujua kwa nini watu walimhitaji draug. Walimhitaji kwa sababu bahari iuayo bila ya uso haivumiliki, na adui mwenye uso, hata uwe uso wa kuogofya namna gani, angalau aweza kutajwa kwa jina. Katika miaka ile Kittelsen alichora zimwi la baharini lijulikanalo kwa jina la Sjøtrollet, akatayarisha picha na maneno ya kitabu chake juu ya Lofoten, na mwaka 1892 akatoa Troldskab, kitabu cha viumbe wa ghaibu wa misitu na maji ya kwao, ambacho michoro yake na maandishi yake yalitoka kwa mtu mmoja.

Hazina ya pili aliyoichota ilikuwa imekwisha kukusanywa na wengine. Tangu miaka ya 1840 Peter Christen Asbjørnsen na Jørgen Moe walikuwa wakichapisha ngano walizozipokea kutoka vinywani mwa wakulima, na Kittelsen, pamoja na rafiki yake Erik Werenskiold, akawa miongoni mwa wasawiri waliopewa amana ya kuzitia picha. Amana hiyo ilikuwa na mtego ndani yake, maana ngano za mdomo hazipotezi wakati kwa kueleza sura. Husema zimwi lina vichwa vitatu, au lina pua ndefu, au lanusa damu ya mkristo, kisha zikaendelea na safari. Na msimulizi hakuona haja ya kuongeza, kwa kuwa wasikilizaji wake walikuwa wameketi karibu na msitu ule ule, na kila mmoja alikuwa na zimwi lake tayari moyoni. Msawiri ndiye aliyetakiwa kulijaza pengo hilo kwa ajili ya watu wa mjini wasioujua msitu.

Namna alivyolijaza ndiyo kitovu cha somo lake. Wasawiri wengi, watakapo kuumba kiumbe wa kutisha, huchukua viungo vya wanyama na kuviunga: kichwa cha huyu, mabawa ya yule, mkia wa wa tatu. Kittelsen aliuliza jambo jingine: mkulima arudiye nyumbani jioni, macho yake yakiwa yamechoka na mwanga ukiwa umepungua, huona nini hasa hata aseme kuwa ameona zimwi? Huona kisiki, huona jiwe lililoota majani, huona kilima chenye misonobari mgongoni. Ndiyo maana katika picha yake ya mwaka 1906, Skogtroll, mtazamaji huona kwanza msitu, na mti mmoja baada ya mwingine, kisha kwa polepole hutambua kuwa sehemu ya msitu ule imesimama kwa miguu yake, kwamba miti ile imeota juu ya kichwa, na kwamba jicho limekuwa likimtazama tangu alipoanza kutazama. Zimwi halikuletwa msituni kutoka nje; limetokana na msitu wenyewe, na kwa hiyo aliyekwisha kuiona picha ile hawezi tena kupita penye miti wakati wa magharibi na macho yale yale aliyokuwa nayo zamani.

Hali ni hiyo hiyo katika picha ya mwaka 1904 ya Nøkken, jini wa maji matamu ambaye, kwa itikadi za Wanorwei, huwavuta watu mpaka ukingoni ili awazamishe, na pengine hujigeuza farasi mweupe mzuri ambaye mtoto akimpanda hatashuka tena. Picha ni ya dimbwi tulivu, lenye mayungiyungi yaliyolala juu ya maji, na kiza cha msitu nyuma yake. Hapana shambulio, hapana mtu anayekimbia, na maji hayatikisiki. Katikati ya utulivu huo kichwa cheusi kimechomoza nusu yake tu, na macho mawili yanang'aa. Ajabu katika sanaa ni kama chumvi katika mchuzi: inayotosha hukoleza chungu kizima, na ikizidi hapana atakayeonja kitu kingine. Msawiri aliyapa mayungiyungi na majani taabu ile ile aliyoyapa macho ya jini, na kwa kuwa mtazamaji ameyaamini majani, hana njia ya kuyakana macho.

Lakini kazi iliyomfikisha Kittelsen kileleni mwa njozi za kiza ni ile aliyoifanya zaidi baina ya mwaka 1894 na 1896, na ambayo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1900 kwa jina la Svartedauen, yaani tauni kuu iliyoingia Norwei mwaka 1349. Tauni ile, iliyokuja kwa njia ya bahari kama ilivyokuja katika bandari nyingine za Ulaya, yakisiwa kuwa iliua nusu ya watu wa nchi au zaidi. Mashamba yaliachwa ukiwa kwa vizazi, njia zikaota miti, na makanisa ya mabondeni yakakosa wa kuyasalia. Karne tano na nusu zilikuwa zimepita, na walioshuhudia walikuwa mavumbi. Hata hivyo vijiji havikusahau, bali viliyahifadhi maafa hayo katika umbo la mwanamke mkongwe aitwaye Pesta, azungukaye nchi na reki mkononi na ufagio. Alipopita kwa reki walisalia wachache, kama majani yapitayo baina ya meno yake. Alipofagia mlangoni hakusalia mtu.

Miongoni mwa masimulizi juu yake liko moja la mvushaji aliyempakia mkongwe mmoja katika mashua yake bila ya kumtambua. Walipofika katikati ya maji akamjua ni nani, akamsihi amwachie uhai wake kuwa ndiyo nauli. Pesta akafungua kitabu, akatazama, akajibu kwamba kumwachia uhai hana uwezo, ila aweza kumpa mauti mepesi. Mvushaji akarudi kwake, akahisi usingizi, akalala, asiamke. Sijui kisa kifupi chenye ukatili wa upole kama huu, wala kielezacho vizuri zaidi jinsi watu wa kale walivyoyafahamu maradhi: hayana chuki, hayana ghadhabu, yana kazi tu ya kutimiza.

Kittelsen aliifahamu roho ya masimulizi hayo, na kwa hiyo Pesta wake hana pembe wala mabawa. Ni bibi kizee aliyejifunika nguo nyeusi, ambaye angeweza kuwa jirani ya mtu yeyote. Katika picha maarufu kupita zote, ya mwaka 1896, amesimama chini ya ngazi za nyumba ya mbao, ameinua uso wake mkavu na macho yake makubwa, anatazama juu. Na mtazamaji, asipotambua mara ya kwanza basi atatambua mara ya pili, ndiye aliyewekwa juu ya ngazi hizo. Ngazi ni moja, na Pesta ameishika. Hapana damu katika picha, hapana maiti, hapana tendo lolote la kikatili. Kuna kizee anayepanda polepole, kwa kuwa hana sababu ya kufanya haraka. Na katika picha nyingine mtoto anamwambia mama yake kuwa kuna bibi anakuja, na msomaji peke yake ndiye ajuaye bibi huyo ni nani. Msawiri ameitoa tauni katika takwimu za wanahistoria, akaitia nyumbani, katika mlango, katika ngazi na katika sauti ya mtoto, mahali ambapo kwa hakika iliwakuta watu.

Mtu aweza kuuliza kama kila msawiri ni lazima apate mwamba wa bahari na masimulizi ya wakulima ndipo afanikiwe. La, visima ni vingi, na tabia za watu hazifanani. Francisco Goya wa Hispania alipatwa na ugonjwa mzito mwishoni mwa mwaka 1792, ukamwacha kiziwi. Na mwaka 1799 akatoa mfululizo wa michoro 80 iliyochapwa kwa mabamba ya shaba, Los Caprichos, ambamo wachawi, popo na bundi wamechanganyika na makasisi, wachumba na waalimu wa mji wake, hata haijulikani kwa urahisi ni nani kati yao aliye zimwi. Baadaye aliishi katika vita vya kuvamiwa kwa nchi yake na Wafaransa, na alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 akachora ukutani mwa nyumba yake, nje ya Madrid, zile picha 14 nyeusi ambazo hakuwauzia wala hakuwaonyesha walimwengu. H. R. Giger, mwana wa mfamasia wa mji wa Chur katika Uswisi, aliyesawiri kiumbe wa filamu ya Alien ya mwaka 1979, alichota katika ndoto mbaya za usiku wake mwenyewe, na katika kumbukumbu ya maiti iliyokaushwa ya Misri aliyoitazama utotoni katika jumba la makumbusho la mji wao. Goya alitazama jamii yake, Giger alitazama usingizi wake, Kittelsen alitazama nchi yake. Na lililowakutanisha ni kwamba kila mmoja alikitazama kitu alichokiogopa kwa kweli, akakaa nacho kwa muda mrefu kuliko wengine wanavyopenda kukaa.

Hapa ndipo penye nasaha kwa msawiri wa leo, ambaye kwa kugusa kioo cha simu hupata mbele yake maelfu ya mazimwi yaliyochorwa na wengine. Kujifunza kwa waliotangulia si aibu, na mabwana wa sanaa hii hawakuona haya kufanya hivyo: Kentaro Miura wa Japani, aliyeanza kutoa hadithi yake ya picha ya Berserk mwaka 1989 na kuiandika mpaka kufariki kwake mwaka 2021, aliwahesabu Hieronymus Bosch na M. C. Escher kuwa miongoni mwa waliomwathiri, na athari yao yaonekana katika majehanamu yake na katika ngazi zake zisizo na juu wala chini. Lakini kila mara zimwi linaponakiliwa kutoka kwa zimwi lililonakiliwa, kitu kimoja hupotea, nacho ni ile sababu iliyomfanya mchoraji wa kwanza aogope; hubaki umbo bila ya khofu yake, na mtazamaji, hata asiyejua lolote la usanii, hulihisi pengo hilo. Msawiri aliyekaukiwa na ilhamu afanye alivyofanya Kittelsen: aweke chini picha za wenziwe kwa kitambo, aende mahali panapomtia wahka naye apachore kama palivyo, jiwe kwa jiwe na jani kwa jani, awasikilize wazee wanaposimulia maafa yaliyowapata watu wake, aulize yale waliyoyaogopa yalikuja kwa mlango gani, na akisha kuujua mlango, achore mlango kwanza.

Kittelsen mwenyewe alifika kwenye amani ya kazi yake mwaka 1899, alipohamia na aila yake Lauvlia, karibu na Prestfoss, nyumba iliyoelekea ziwa la Soneren na mlima wa Andersnatten, ambao katika picha zake uligeuka kuwa ngome ya ngano. Miaka aliyokaa hapo ndiyo miaka ya mavuno yake, na mwaka 1908 alipewa nishani ya Mtakatifu Olav. Walakini heshima haikuwa mkate, siha yake ilidhoofika, na mwaka 1910 akalazimika kuiuza nyumba aliyoipenda. Alifariki tarehe 21 Januari 1914 katika Jeløya, akiwa na umri wa miaka 56. Lauvlia leo ni makumbusho yake. Wanamuziki wa muziki mzito wa Norwei wa miaka ya 1990, waliozaliwa miongo kadhaa baada ya kifo chake, walizitwaa picha zake za tauni kuwa majalada ya sahani zao. Na mtoto wa Norwei aulizwaye zimwi la msituni lina sura gani hujibu, pengine bila ya kulijua jina la Kittelsen, kwa sura aliyoipata kwake.

Kwa hiyo nasema kwamba sanaa ya njozi za kiza, ambayo wengine huidhania kuwa mchezo wa vijana wapendao kutishana, ni huduma kwa watu inapofanywa kwa unyofu. Tauni ya mwaka 1349 iliua bila ya kuonekana, na bahari ya Lofoten ilimeza wavuvi bila ya kutoa sababu. Masimulizi ya wanyonge yalikuwa yameipa misiba hiyo jina, na msawiri mmoja mwenye subira akaipa uso. Khofu iliyopata uso yaweza kutazamwa, na iliyoweza kutazamwa yaweza kusimuliwa kwa watoto wakaizowea mapema, kabla ya kukutana nayo peke yao. Msawiri anayeijua kazi hiyo kuwa ndiyo kazi yake hataona uhaba wa ilhamu, maana maadamu wanadamu wana mambo wanayoyaogopa na wasiyoweza kuyasema, daima yatakuwapo yamngojayo yeye ayachore.